Leso ya Bi Mwatime Juu ya Ngao ya Perseus

Bi Mwatime alikuwa analinda chumba cha nne, mimi cha tatu, na kati yetu kulikuwa na nafasi pana isiyo na mlango, kwa hivyo tuliongea kama wapangaji wa ploti moja, bora sauti isifikie wageni. Mwaka ulikuwa 2003, makumbusho yalikuwa Fort Worth, na hiyo ilikuwa kazi yangu ya saba tangu nitue Texas. Yeye alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, Mdigo wa Ukunda, mjane. Alianza kwa kuosha vyombo jikoni hospitalini, magoti yakakataa, akahamia huku kwetu kwa kazi ya kusimama. Sijui nani alimwambia kusimama ni kupumzika.

Kwenye barabara kuu hakuingia kabisa. Corolla yake ilipitia mitaani, taa baada ya taa, dakika hamsini badala ya ishirini. Alisema akipata ajali sasa hivi, karatasi za Hadiya atamalizia nani?

Kila kitu kilikuwa Hadiya. Huyo ni binti yake, alimwacha kwa dada yake akiwa na miaka kumi na mitatu, na sasa alikuwa amepita ishirini. Akifika ishirini na moja kabla ya viza, anatolewa kwenye foleni ya watoto anapelekwa ile ya watu wazima, ambayo haisongi. Intavyuu ilikuwa ubalozini Nairobi mwisho wa Mei, na walitaka barua mpya ya mwajiri kuonyesha kwamba mama yuko kazini kweli. Bosi wetu, Natalia, alikuwa ameahidi kuiandika Ijumaa.

"Mpaka Ijumaa sitaki hata kukohoa," Bi Mwatime aliniambia. "Wallahi, Gichuki, ukiona nataka kupiga chafya niwahi na leso."

Na hakuwa anatania sana. Januari mwenzetu mmoja alifutwa kazi kwa kuegemea tu meza ya sanamu.

Maonyesho ya msimu huo yalikuwa ya mtu mmoja, Perseus, kijana wa hadithi za Wagiriki. Kuna mfalme anamtaka mama ya huyu kijana kwa nguvu. Kijana anamziba njia, sasa mfalme anamtuma mbali akalete kichwa cha Medusa, mwanamke mwenye nyoka kichwani badala ya nywele, ambaye ukimwangalia machoni unageuka jiwe. Nia ni asirudi. Lakini kijana anaingia kinyumenyume, anamwangalia Medusa ndani ya ngao iliyong'arishwa kama kioo, na anakata.

Makumbusho walikuwa wamekusanya vile watu wamemchora kwa miaka elfu mbili na mia tano. Ukisimama na hizo picha kwa muda wa saa nane kila siku, unaanza kuona vitu. Kwangu kulikuwa na mtungi mweusi wa kale kabisa. Hapo Perseus anakimbia, magoti yamekunjika, uso ameugeuza nyuma, na Medusa ana meno ya ngiri na ulimi nje. Ukisonga mbele na miaka ikisonga, Medusa anaanza kupendeza, mpaka anakuwa msichana amelala tu, na Perseus anaanza kujidai. Kwenye sanamu ya shaba yuko uchi, ameinua kichwa cha watu juu kama kombe la mpira. Kwenye picha za rangi ya mafuta ana kofia ya mabawa na mapaja ya mtu wa jimu.

Siku moja asubuhi, kabla hatujafungua, Bi Mwatime alikuja akasimama mbele ya mtungi wangu.

"Mimi namwamini huyu tu," akasema.

"Huyu? Si ndiye mbaya kuliko wote?"

"Huyu anaogopa. Hebu mwangalie magoti. Hao wengine wamechorwa na watu ambao hawajawahi kutumwa mahali." "Na mama yake je?"

"Mama ya nani?"

"Ya kijana, we nawe! Si ndiye kisa chote? Mbona hawamchori?"

Nikamwonyesha picha moja ndogo pembeni, ya chapa, wino mweusi: mwanamke yuko ndani ya sanduku baharini na mtoto mchanga kifuani. Ni yeye huyo mama ya Perseus; babu ya kijana aliwatupa majini. Mama pekee kwenye maonyesho yote. Kuanzia siku hiyo Bi Mwatime alipita hapo kila asubuhi kabla ya kwenda kusimama kwake.

Kwake, chumba cha nne, kulikuwa na vitu vya sasa. Kikubwa kilikuwa ngao ya chuma kilichong'arishwa, pana kama mlango. Aliyeitengeneza hakuweka Perseus wala Medusa, unasimama pale unajiona mwenyewe. Ilikuwa ya tajiri mmoja wa Houston, na mkataba ulisema haiguswi bila glavu nyeupe.

Jumanne ya wiki ile ya barua, saa tisa mchana, mbingu ilibadilika rangi ikawa kama maji ya sufuria ya kunde. Ving'ora vya kimbunga vikaanza. Kwetu sheria ni moja: wageni wote chini, walinzi wanafuata. Tukawashusha. Mvua ya mawe ilikuwa inapiga vioo vya ukuta kama mtu anamwaga mahindi, na radi juu ya radi. Kule chini Natalia akatuhesabu. Tulipungua mmoja.

Nikapanda ngazi mbilimbili kabla hajanikataza.

Nilimkuta Bi Mwatime amefungua koti la yunifomu. Ile baridi ya AC ilikuwa inamfanya ajifunge leso, yaani kanga, kiunoni chini ya koti kila siku, na sasa alikuwa ameifungua, anajaribu kuirusha juu ya ngao. Radi ilipopiga, ngao yote iliwaka nyeupe na chumba kizima kikawaka nayo.

"Bi Mwatime! Hatugusi!"

"Sigusi, nafunika! Kioo wazi na radi hii, unataka tufe?"

Na hapa ndipo sina la kujitetea. Ningemshika mkono nimshushe. Lakini mimi pia nimelelewa hivyo. Nyumbani Nyahururu, ngurumo ya kwanza tu, mama alikuwa anatupa shuka juu ya kioo cha kabati kabla hata ya kuanua nguo. Mtu akiniuliza radi na kioo vinahusiana nini, sijui. Mikono yangu ndiyo ilijua. Nikashika pembe ya pili, tukaivuta.

"Na nyekundu tena!" nikamwambia. "Si hiyo ndiyo inaita radi zaidi?"

"Ya buluu nimefua. Vuta!"

Tukafunika, tukakimbia. Tulipofika chini na kukaa sakafuni kati ya wageni, ndiyo akili ikamrudia. Nilimwona akishika kiuno pale leso ilikuwa, halafu akaangalia dari, kwenye ile kamera ndogo ya kona.

"Gichuki," akasema polepole, "nimefanya nini?"

Kimbunga kilipita mbali. Natalia alipanda wa kwanza, akakuta leso nyekundu juu ya kitu cha tajiri, imetundikwa kama iko kwenye kamba. Hakupiga kelele. Alivaa glavu, akaitoa, na mahali leso ilikuwa na pini, ile ya kufungia kiunoni, ngao ilikuwa na mchubuko mwembamba kama unywele. Akatukabidhi karatasi ya ripoti. Iandikwe leo. Mtaalamu atakuja kutoka Houston Alhamisi, na kesho yake ndiyo Ijumaa.

Tulikaa chumba cha mapumziko na ile karatasi.

"Nitasema ni mimi," nikamwambia. "Mimi hapa ni wa kupita tu, unajua hivyo. Mwezi ujao pengine niko Carrollton kwenye maghala."

"Kamera imeona mikono minne."

"Basi tuseme paa lilivuja. Tulikuwa tunazuia maji."

Akafikiria hiyo. Nilimwona akiifikiria, maana midomo ilikuwa inahesabu kitu. Halafu akatikisa kichwa.

"Wakiangalia paa? Nafutwa kwa kugusa na kwa uongo. Na barua ya mwanangu naiombaje kwa mtu niliyemdanganya?" Akasukuma karatasi kwangu. "Andika ilivyo. Andika kwetu tunafunika."

Kiingereza changu cha kuandika ni cha kidato cha pili, lakini tuliandika. Mistari sita. Hakuna nilichoongeza ila mikono yangu miwili.

Jumatano hakula. Alhamisi mtaalamu alikuja na taa na kioo cha kukuzia, akainama juu ya ngao saa nzima, na Bi Mwatime alisimama kwangu karibu na mwanamke wa kwenye sanduku. Kila nikimwangalia alikuwa anapangusa viganja kwenye koti.

Ijumaa jioni Natalia alituita ofisini. Mchubuko ungeondolewa kwa kung'arisha. Mwenye mali amesema yule mama asisimame tena karibu na kitu chake.

"Kwa hivyo nimefutwa," Bi Mwatime akasema.

"Nina hasira," Natalia akamjibu, "kwa sababu kimbunga kinakuja na wewe unabaki juu kulinda chuma. Chuma! Kuanzia Jumatatu uko kwenye kupokea makoti ya wageni, karibu na mlango wa chini." Akavuta droo. "Na barua yako nimeiandika upya, kwa sababu cheo kimebadilika. Soma uone kama jina liko sawa."

Bi Mwatime aliisoma mara tatu, kwa kidole. Mimi nilipata onyo la maandishi.

Mei ikaisha na yeye yuko kwenye makoti, ambayo mwezi huo hakuna anayevaa. Picha hakuziona tena, ila alikuwa ananiuliza mtungi uko vipi. Siku ya intavyuu nilikaa naye pale chini kabla hatujafungua. Alikuwa ameniambia dalili: wakikurudishia pasipoti pale dirishani, umenyimwa. Wakibaki nayo, umepata.

Saa tatu asubuhi simu yake ikalia. Kule ilikuwa jioni. Akaitazama, akanisukumia mkononi.

"Uliza wewe."

"Si ni mtoto wako?"

"Uliza, Gichuki! Mimi siwezi."

Akageuka, akanipa mgongo, uso ukutani kabisa, magoti yamekunjika kidogo kama anayetaka kukimbia. Nikafungua simu. Hadiya alikuwa anaongea tayari, foleni ilikuwa ndefu, viatu vimemuumiza, mama yuko wapi.

"Yuko hapa. Hadiya, pasipoti yako iko wapi?"

"Pasipoti?" akasema. "Sinayo. Wamebaki nayo, wamesema nirudi Alhamisi."

Nikageuka kumwambia. Bado alikuwa anaangalia ukuta.

"Wamebaki nayo," nikasema.

"Rudia," akasema, bila kugeuka.