Aliyekatazwa Kuonja

Mimi Yunisi, mama Deus kwa wanaonijua, nimekuwa jirani wa Atuganile miaka thelathini na moja hapa Ruanda. Mlango wake na wangu inatazamana. Kwa hiyo asije mtu kutoka Vwawa au Tunduma kunieleza Atuganile ni mtu wa namna gani. Ninayemjua ni mimi.

Hakuzaliwa hapa. Aliletwa kutoka Ileje akiwa bi harusi, na zamani zile bi harusi wa mbali alikuwa anaangaliwa hasa. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako, akameza, ndipo akakupa. Ni heshima ya mgeni, ajue ndani hamna kitu kibaya. Lakini ni ya mgeni tu. Watu wa nyumba moja hawaonjeani, wala majirani waliozoeana. Sasa Atuganile aliwaonjea watu miaka miwili mizima! Mama mkwe wake alikuwa anamwonjesha hata maji. Maji ya kisimani, jamani, aliyoyachota mbele yake.

Wa kwanza kunywa bila kungoja nilikuwa mimi. Wala sijisifu. Aa, najisifu, kwa nini nisijisifu? Nilitoka kupalilia kahawa jua likiwa kali, kiu imenibana, nikamkuta na togwa. Kabla hajapeleka kikombe mdomoni nikamnyang'anya, nikagugumia chote. Akaduwaa. Halafu akakaa chini akaanza kulia, mimi nikadhani nimekunywa togwa ya mkwewe. Mpaka leo husema, "Marehemu Wiliam alinitolea mahari, lakini aliyenioa hapa Ruanda ni mama Deus." Huwa tunacheka mpaka machozi.

Baada ya hapo watu walizoea mkono wake, na walipozoea hawakutaka mwingine. Harusi, ubatizo, sikukuu ya mavuno kanisani, togwa ni ya Atuganile. Hakuwa na shamba kubwa wala nyumba ya kutisha. Alikuwa na hilo tu, kwamba watu wanakunywa mkononi mwake bila wasiwasi, na alilitunza kuliko kitu chochote.

Basi mwaka juzi wakaja watu wakajenga hoteli kilimani juu ya mashamba ya kahawa. Wanasema ni mahema. Hema gani lina kitanda cha watu wanne na bafu la kujilaza nje, unaoga unatazama kahawa za watu? Wageni wanashuka na ndege pale uwanja wa Songwe, wanafuatwa na magari yenye taulo za baridi. Mimi nilipata kazi ya kufua mashuka. Kila siku mashuka yote, hata kama mtu kalalia upande mmoja tu. Niliwaza, hawa kuna kitu wanaficha. Mtu msafi hafuliwi shuka kila siku.

Meneja alikuwa kijana anaitwa Jastin, kasomea utalii Arusha. Mpole wa maneno, kila sentensi ana "mama yangu". Siku moja akaja mpaka kwa Atuganile, akasimama uani akimtazama, akamwomba ageuke upande. Akampiga picha. Baada ya wiki akarudi na gauni la bluu la mikono mirefu na birika la shaba.

"Mama yangu, kazi yako ni nyepesi. Unawamiminia wageni kahawa jioni. Husemi kitu, hucheki. Unamtazama mgeni machoni kidogo, unaondoka."

"Nisicheke kwa nini?" Atuganile akauliza.

"Ndivyo wanavyopenda."

"Nikishaonja nisimkaribishe hata kwa neno?"

"Usionje, mama yangu. Kuonja hapana kabisa. Ni usafi."

Alipoondoka tukatazamana. Mimi nilimwambia waziwazi, "Mama Rozi, mtu anayekukataza kuonja anataka nini ndani ya kikombe?" Akasema anafikiria hilohilo. Lakini bati za nyumba yake zilikuwa zinavuja na binti yake Rozi alikuwa chuoni, akaikubali kazi. Kwanza akalichunguza lile birika ndani na nje, akalichemsha mara tatu, akalinusa.

Nikawa naanika mashuka huku namchungulia. Wageni wakimwona anakuja na lile gauni walikuwa wananyamaza, kisha wananong'onezana, wanatoa simu. Akimimina, mmoja anamsukumia mwenzake kikombe, "wewe kwanza, wewe kwanza", najua walisema hivyo kwa mikono yao ilivyokuwa inakwenda. Atuganile alirudi jikoni ametoka jasho. "Mama Deus, wananiogopa. Kuna mtu hapa kijijini kawaambia jambo." Tukaanza kuhesabu nani anaweza kuwa kawaambia. Mungu atusamehe, tuliwapitia majirani wote, tukamweka hadi mchungaji.

Jioni ya nne ndiyo mbaya. Mama mmoja wa kizungu, mwenye shanga kubwa shingoni, alipiga funda moja, akashika koo, akatoa macho, akaanguka kutoka kwenye kiti, puu! Atuganile akatupa birika. Akamrukia, akamnyanyua kichwa, akampiga mgongoni, analia kwa sauti, "Yesu wangu, sijaweka kitu! Sijaweka kitu mimi!" Nami nikatupa mashuka matopeni nikakimbia. Nilipofika, yule mama akafungua jicho moja. Akaanza kucheka. Na wote wakapiga makofi.

Makofi, jamani. Atuganile kapiga magoti pale, machozi yanamdondokea kwenye lile gauni, watu wazima wanampigia makofi. Nilitamani kumzaba yule mama kibao. Sijawahi kuwa na hasira kama ile, na nimeishi na mume mlevi.

Tulimbana Jastin jikoni mpaka akasema. Kuna tamthilia kwenye televisheni za huko kwao, ya matajiri wanaokwenda kupumzika kwenye hoteli nchi ya joto, kuna kahawa, kuna mabafu ya nje. Ndani yake kuna mtumishi wa gauni la bluu asiyecheka, anazunguka na birika la shaba, na kila wiki mgeni mmoja anakufa. Watu wameipenda mno, sasa wanataka kulala mahali panapofanana na pale. Hoteli yetu imejengwa kwa kuiigiza.

"Kwa hiyo mimi ndiye muuaji?" Atuganile akauliza.

"Ni mchezo tu, mama yangu. Wanalipia kuogopa."

"Waje wapange foleni mpakani Tunduma, wataogopa bure," nikamwambia. Hakucheka mtu.

Kesho yake Atuganile alivaa gauni lake lilelile, akapeleka birika, akamimina, na mbele ya macho yao akaonja kila kikombe kabla ya kumpa mwenyewe. Vikombe vinane. Wageni wakanuna. Jastin akamwambia anaharibu, muuaji gani anakunywa sumu yake? Akavua gauni palepale, akabaki na kanga yake ya ndani, akamkabidhi. Nami nikaacha kazi siku hiyohiyo. Tukashuka kilima tumeshikana mikono kama wasichana. Tulidhani imekwisha.

Kumbe walishasimamisha bango Nanyala, barabarani, linatazama malori yaendayo Tunduma. Atuganile mzimamzima, gauni la bluu, birika mkononi, macho makavu. Ni picha ya ile siku Jastin alipoleta gauni, akamvalisha, akampiga tena na kumwambia asicheke. Tulikwenda hotelini mara mbili kuomba waliondoe, wakasema picha ni yao, imo kwenye karatasi ya kazi aliyosaini. Na kweli alisaini, Jastin alimwonyesha pa kusaini.

Haikupita miezi miwili, tamthilia yenyewe ikaingia kwenye kibanda cha video, imetafsiriwa na wale vijana wanaoongea juu ya picha. Huyo mtafsiri, midomo yake ioze, kampa yule mtumishi jina: Mama Buriani. Kila akitokea na birika, kijana anapiga kelele, "Mama Buriani huyooo, andikeni wosia!" Watu wanavunjika mbavu. Halafu wanatoka nje, wanakutana na bango.

Mwanzo ilikuwa utani. Vijana wa bodaboda wakimpita Atuganile, "Shikamoo Mama Buriani." Naye anaitikia marahaba, afanyeje? Nikawafukuza kwa jembe, wakacheka zaidi.

Ndipo ikaja sherehe ya kumuaga Violet, binti wa mzee Danieli, anaolewa Msangano. Togwa ya Atuganile, kama kawaida. Mzee Danieli akanywa vikombe viwili, na kabla jua halijatua akatapika, akapelekwa hospitali. Ana vidonda vya tumbo tangu nikiwa msichana! Kila mtu anajua. Na siku ya tatu alirudi mwenyewe na karatasi ya daktari, akaisoma kanisani, akasema, "Ni vidonda, ndugu zangu, na pilipili niliyokula mwenyewe." Watu wakasema amina.

Lakini ubatizo uliofuata walinunua soda. Mavuno, soda. Harusi ya kina Ferista, wakamwambia Atuganile wamemhurumia, apumzike, amechoka. Nani kawaambia amechoka? Mtungi wake ukakaa umepinduliwa uani, kuku wanaparamia. Mimi nilizunguka nyumba kwa nyumba nikigomba. Niliwaambia ni wajinga, wanaogopa picha. Kila nyumba wananijibu vilevile, "Sisi hatuamini hayo, mama Deus. Ila watu ndio wanasema." Sikumpata hata mmoja wa hao watu. Nilimtilia shaka kila aliyenipa mkono.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Wiki iliyopita nilitoka kupalilia. Jua kali, kiu imenibana vilevile. Nikaona mtungi wa Atuganile umesimamishwa, umeoshwa, nikafurahi sana. Nikaingia. Alikuwa ametengeneza togwa, si ya sherehe, ya kwake tu, kidogo.

"Karibu, mama Deus, keti. Leo nimejisikia kuonja kazi yangu."

Akachota, akaninyooshea kikombe. Kilekile cha bati, kimebonyea ubavuni. Aliuangalia uso wangu anatabasamu, na mimi nikanyoosha mkono.

Nikauacha hewani.

Sijui ni nini. Naapa sikuwaza lolote baya. Nilimtazama tu, alivyosimama na kikombe mlangoni, jua nyuma yake, na ikanijia ile picha ya Nanyala, yale macho. Haikuchukua muda, labda pumzi mbili. Mkono wangu ulikuwa unangoja, na mimi nilikuwa nauona kwamba unangoja, nikashindwa kuusogeza.

Naye akauona. Anaijua mikono ya watu, aliisoma ile miaka miwili ya kuonja.

Hakukasirika. Heri angenitukana. Alikirudisha kikombe taratibu, akapeleka mdomoni, akapiga funda, akameza huku ananitazama ili nione koo linavyoshuka. Akafuta ukingo kwa kona ya kanga, akaninyooshea tena kwa mikono miwili.

"Karibu, mgeni," akasema.

Nikanywa yote. Ilikuwa tamu kama siku zote.