Handaki la Baba na Makombora ya Ile Inchi

Baba yangu alikuwa karani wa stoo mgodini kwa miaka mingi. Alipostaafu alirudi nyumbani na redio ndogo ya kuchaji na tabia ya kuandika ripoti. Asubuhi na jioni alisikiliza habari za dunia, hasa za nchi moja ya mbali ambayo kila baada ya muda hurusha kombora baharini ili kulijaribu. Jina la nchi hiyo hakulitaja ndani ya nyumba yetu. Alisema "ile inchi", kwa sauti ileile ambayo mama alitumia kusema "ule mwanamke" alipomzungumzia mke wa pili wa mjomba wangu.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kukaa kwa wazazi, hapa Kolwezi, kwenye njia inayokwenda Musonoi, kwa kuwa shule niliyofundisha ilikuwa karibu na kwao. Kwa hiyo mambo yote haya niliyaona kwa macho, na baadhi niliyashika kwa mikono.

Yalianza mezani, siku ya Jumapili, tukiwa tunakula bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo.

"Bamejaribu tena," alisema baba.

"Limeanguka wapi?" aliuliza mama.

"Mu bahari."

"Basi samaki ndio baseme."

Baba aliweka tonge chini. Alituuliza kama tunajua serikali za dunia hujibu nini jambo la namna hiyo linapotokea. Tulisema hatujui. "Zinaandika barua," alisema. "Banasema, tunalaani vikali. Mi nilikaa mu stoo miaka yote ile. Mutu akiiba boluti, unamuandikia barua kama unalaani vikali?"

"Ulikuwa unamfanya nini?" niliuliza.

"Nilifunga stoo. Hakuna boluti, hakuna girisi, hakuna glavu. Siku mbili, boluti inarudi yenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa siasa yake ya kimataifa: vikwazo bila huruma. Kwa upande wa serikali yetu aliona jibu ni moja, kuwachimbia raia mahandaki. Mama alitaka kujua kombora litawezaje kutoka huko liliko, lipite juu ya miji mikubwa yote ya dunia, lije kuangukia nyumba yetu. Baba alimuuliza kobalti ya betri za dunia nzima inatoka wapi. Mama akaanza kukusanya sahani, na baba akahesabu kwamba ameshinda. Jioni hiyo aliandika kurasa tatu kwa serikali. Alingoja jibu majuma mawili, kisha akatoa sururu na beleshi, akaanza kuchimba uani, kati ya bomba la maji na choo.

Baba hakuwa amefikiri jambo moja ambalo mtoto yeyote wa Kolwezi angemwambia. Hapa kwetu, mtu akichimba shimo nyuma ya nyumba, akalizungushia turubai, watu hawajiulizi anachimba nini. Wanajiuliza amefika kina gani. Kuna mitaa hapa ambayo watu walichimba hadi chini ya vitanda vyao. Baba aliweka turubai kwa sababu ya jua, lakini siku ya pili mtaa mzima ulikuwa umeshaamua kwamba mzee amepata madini.

Wa kwanza kuja alikuwa chefu wa mtaa, mtu mnene mwenye heshima, ambaye huweka muhuri wake mfukoni kama watu wengine wanavyoweka leso.

"Tata," alisema, kama wazee wanavyoitwa kwetu, "ni shaba ao ni kobalti?"

"Ni handaki," alisema baba.

"Mi ni ndugu yako. Niambie tu kweli."

"Ni handaki la kujificha kama ile inchi inatupiga kombora la nyuklia. Kaa, nikueleze."

Chefu akakaa, maana huwezi kuchungulia shimo la mtu bila kwanza kumsikiliza. Baba alimweleza kwa saa nzima namna watu sita watakavyokaa humo siku kumi na nne. Alimaliza kwa kumuuliza, kama yeye angekuwa rais wa nchi kubwa, angefanya nini. Chefu alijikuna shingo, akasema angewaita wote wawili, mlalamikaji na mlalamikiwa, ofisini, kila mmoja aje na mashahidi watatu. Baba alisema huo ni udhaifu. Chefu alisema huo ndio utaratibu. Walibishana hadi jua likaelekea kuzama, na chefu akaenda zake bila kukumbuka kuchungulia.

Kesho yake alirudi, na hakurudi peke yake. Alikuja mnunuzi mmoja wa madini na kimashine chake cha kupimia mawe, na wachimbaji vijana wanne waliotoka Kasai. Wote walikuwa wameshaambiwa kwamba mlango wa shimo ni kuzungumza habari za makombora. Kwa hiyo walisalimia, wakakaa kwenye madumu ya maji, na mnunuzi akasema kwa uso wa huzuni, "Tata, ile inchi inatusumbua kweli."

Baba alifurahi mno. Kwa siku tano uani kwetu palikuwa na baraza. Mimi nilipotoka shuleni niliwakuta wakigawana misimamo. Mchimbaji mmoja alitaka ile nchi ipigwe kabla haijapiga. Mwenzake alimkumbusha kwamba mtu mwenye baruti mkononi hapigwi kofi. Mnunuzi aliona ipewe kitu kidogo itulie. Baba alisimama ndani ya shimo, kichwa tu ndicho kilichoonekana, akirudia, "Mufunge stoo. Mufunge stoo." Walianza kwa kuigiza ili waoneshwe udongo, lakini siku ya nne niliona mnunuzi na yule mchimbaji wa kupiga kwanza hawaongei, kwa ajili ya mgogoro wa nchi ambayo hakuna kati yao aliyeweza kuionesha kwenye ramani. Nilileta ramani ya darasani. Haikusaidia, maana ilikuwa ramani ya Afrika.

Siku ya tano mnunuzi aliruhusiwa kushuka na kimashine chake. Alipima kuta nne na sakafu, akapanda juu.

"Ni nini?" aliuliza chefu.

"Ni udongo," alisema mnunuzi.

Waliondoka kwa adabu. Baba alidhani wameelewa.

Mtu mmoja tu hakuamini kile kimashine, naye ni jirani yetu wa ukuta mmoja, dereva wa lori linalobeba mzigo kutoka Fungurume. Alikuwa mtu mpole, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Kati ya nyumba zetu kulikuwa na mapatano ya zamani ambayo hayakuandikwa popote: sisi tulikuwa na bomba la maji, wao walikuwa na paneli ya sola, kwa hiyo wao walichota kwetu, na sisi tulichaji kwao. Mara nikaona turubai limesimama uani kwake. Kisha tukaanza kusikia sururu.

Baba alimuuliza juu ya ukuta anachimba nini.

"Handaki pia, tata," alisema jirani, akicheka. "Hata mi ninaogopa ile inchi."

"Inaitwa namna gani?"

Jirani alijifuta vumbi usoni. "Ile ya kule," alisema.

Juma lililofuata ukuta wa choo chetu ulipasuka kutoka juu hadi chini, na choo kikaanza kuinama kama mtu anayesikiliza siri. Shimo la jirani lilikuwa linakuja upande wetu. Nilimtazama baba nione stoo itafungwaje. Aliingia ndani, akachukua kalamu, akaandika barua. Niliisoma nikiwa njiani kuipeleka. Ilisema: "Ninalaani vikali."

Jirani aliisoma amesimama mlangoni, akaniomba kalamu, akaandika chini "Nimepokea", akanirudishia.

Hapo baba alifunga bomba kwa kufuli. Alitangaza kwamba kuanzia leo hakuna tone litakalovuka ukuta. Jirani hakutangaza chochote, na hakuwa na haja ya kutangaza. Siku ya pili simu yangu ilizima. Siku ya tatu redio ilizima katikati ya habari, mtangazaji akisema "na baada ya jaribio hilo, serikali za…"

Sijawahi kumwona baba katika hali ile. Alikaa kwenye kiti chake cha habari, saa ileile ya habari, akiwa ameshika redio iliyokufa. Alisimama barabarani akiwauliza wapita njia kama wamejaribu tena. "Nani?" waliuliza. Alianza kutazama juu.

Siku ya sita tulikuwa mezani, sote watatu, na simu ya mama ikalia.

Mama aliitazama kama vile si yake. Ilikuwa imewekwa karibu na sufuria, na hata mimi niliona kwamba imejaa chaji kabisa.

"Hiyo simu iko na moto?" aliuliza baba.

"Iko nao."

"Moto wa wapi?"

"Mungu ni mwema," alisema mama, akaongeza bukari kwenye sahani yake.

Baadaye niligundua namna biashara ilivyokwenda. Mama alikuwa na ufunguo wa pili. Kila asubuhi baba alipoenda kumtembelea chefu, mke wa jirani alipokea sufuria mbili kubwa zilizofunikwa majani ya matembele juu, na chini ya majani kulikuwa na maji hadi ukingoni. Simu ilirudi ndani ya mkate. Nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia, na mimi nateseka bila simu wiki nzima. Alisema mimi nina uso wa mwalimu, ningeandika ubaoni.

Jumamosi mchana baba alikuwa chini akilainisha benchi alilolichonga kwenye udongo kwa ajili ya watu sita, na mimi nilikuwa juu navuta ndoo. Sururu ya jirani ilisikika karibu sana. Nilisema, "Baba, panda." Alisema anamalizia kona. Ghafla kipande cha ukuta kilidondoka, na ndani ya tundu kikatokea kichwa cha jirani, chekundu chote kwa vumbi, na tochi kwenye paji la uso.

Walitazamana.

"Jambo, tata," alisema jirani.

"Jambo."

"Hapa ni kwako?"

"Ni kwangu."

"Basi nimepinda."

Nilishika kamba ya ndoo kwa mikono miwili, sijui nikitaka kuokoa nani. Baba alikaa kwenye benchi lake. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya ripoti. Aliuliza tu, "Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilifikiri umepata mushipa wa shaba," alisema jirani. "Tena unaficha kwa habari ya makombora."

"Sina kintu."

"Hata mutu mwenye kuwa nacho atasema hivyo, tata."

Baba alifikiri jambo hilo, akaona lina ukweli. "Basi ingia uangalie mwenyewe," alisema.

Jirani aliingia kwa tumbo. Alimulika kila ukuta, akakwaruza, akanusa, akaonja udongo kidogo, akatema. Mwisho alikaa kwenye benchi kando ya baba, akasema kwa huzuni ya kweli, "Ni handaki."

"Nilisema."

"Sasa kuja nawe uangalie yangu, usiseme nakuficha."

Wakatambaa wote wawili kwenye lile tundu, baba akiwa nyuma, nikaona soli za viatu vyake zikipotea. Mama alitoka jikoni akaniuliza baba yuko wapi.

"Kwa jirani."

"Amepita wapi? Sijamuona mu mlango."

"Chini," nilisema.

Mama alichungulia shimo, akavua kitambaa cha kichwani, akakifunga upya. Alisema kama ukuta ungewaangukia, angepata shida kueleza msibani. Wakati huo tulisikia sauti ya baba upande wa pili, juu ya ardhi, ikiuliza kama kwenye nyumba hii kuna munkoyo, ile togwa yetu ya mahindi.

Alirudi kwa njia ya barabara baada ya saa mbili, mwekundu kutoka nywele hadi magoti, na redio kwapani imejaa moto. Alienda moja kwa moja kufungua kufuli la bomba. Mama alimsifu kwa moyo wake mzuri, na hakuna msuli hata mmoja uliotikisika usoni mwake.

Jumatatu chefu alikuja kuamuru mashimo yazibwe kabla ya mvua. Jirani na baba waliziba ile njia ya kati kwa siku mbili, wakibishana kwa raha kama ile nchi itakubali watu waende kwao kutazama. Baba aliandika ripoti mpya kwa serikali zote, ukurasa mmoja, iliyosema mtu aingie aangalie na yeye pia aangaliwe, na stoo ifungwe baadaye kama ni lazima. Chefu aliigonga muhuri bila kuisoma, kisha akauliza "serikali zote" zina sanduku gani la posta.

Shimo la baba halikuzibwa. Choo cha zamani kilianguka na mvua ya kwanza, bila mtu ndani, ashukuriwe Mungu, na jirani akatusaidia kumwaga zege juu ya handaki na kujenga kipya palepale. Ni kirefu, ni imara, na sidhani kama kuna kingine katika mkoa huu kilichochimbwa kwa ajili ya watu sita kukaa siku kumi na nne.