Ng'onda wa Panya

Ragtina hakutoka nyumbani hata siku moja bila kipande cha ng'onda, samaki mkavu, mfukoni. Hata akienda dukani tu. Majirani walimtania: "Mama, kwani mwenye duka naye ni panya?"

"Ni panya mvivu," alijibu. "Kila nikienda, ghala lake tupu."

Samaki yule alikuwa malipo. Kila vuli, kabla ardhi haijaganda kwa baridi ikawa jiwe, panya wadogo wa mkia mfupi huwa wameshajaza mizizi kwenye mashimo yao, misafi, imepangwa kama kuni. Ragtina aliyatambua mashimo hayo kwa kisigino, pale ardhi inapobonyea. Alichimba, akachukua nusu ya mizizi, akaweka ng'onda, akafukia. Panya akinyang'anywa yote, alisema, hupanda kijiti na kujinyonga kwenye panda yake.

Bintiye Zoya, mwalimu wa shule ya kijijini, alicheka. "Mama, panya atajinyongaje?"

"Na wewe umeshawahi kurudi kumwangalia?"

Mwaka mmoja bahari iliganda kabla meli ya chakula haijafika. Ragtina alikuwa kitandani, miguu imemvimba, hatamani kitu ila mizizi ile kwa mafuta ya sili, yule mnyama wa baharini. Akampa Zoya jembe lake la pembe na ng'onda wa mwisho mle nyumbani.

"Nusu tu, mwanangu. Na ulifukie shimo lake vizuri."

Zoya alikuwa na siku mbili hajala, kwani sehemu yake alimsukumia mama. Njiani alimega ukingo wa samaki, aonje chumvi tu. Alipofika shimoni, mkono ulikuwa mtupu. Na kwa kuwa hakuwa na cha kuacha, akaona nusu au yote ni wizi uleule. Akachukua yote.

Mama alikula akitabasamu, mafuta yakimchuruzika kidevuni, mpaka vidole vyake vikagusa nyasi laini chini ya beseni. Akazinusa.

"Zoya."

"Bee, mama."

"Umechimba mpaka kitandani kwake."

"Kula kwanza, mama."

"Ng'onda ulimwachia?"

"Nilimwachia."

Ragtina akamtazama sana. Kisha akatoa mzizi uliokuwa mdomoni, akauweka ukingoni mwa beseni polepole, kama mtu anayerudisha mali ya watu.

Tangu hapo alipokea mchuzi wa jirani, vijiko viwili vitatu, lakini mkono wa Zoya ulipokaribia aligeukia ukutani. Zoya alirudi nyikani na koleo. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu, hakuliona shimo wala kijiti.

Siku ya tisa, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya mama, Zoya alipiga magoti kando ya kitanda, kijiko cha mchuzi mkononi.

"Mama, kimoja tu. Nakuomba."

Ragtina akafumbua macho. Akanyoosha mkono, akamfuta bintiye midomo kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akimfuta utotoni.

"Yule samaki," akauliza, "alikuwa mtamu?"