Nilivyokata Mti Sebuleni kwa Kicheki

Nawaandikia mapema, Mama Mkamburi nawe Mama Righa, kabla binti yangu Wakesho hajawapigia simu, maana yeye akisimulia atacheka katikati na nyinyi mtacheka naye, na aibu niliyoipata hapa Doha inanitosha, sihitaji nyingine ya kutoka Wundanyi.

Mnajua nilikuja huku kumlea mjukuu wangu Eliška (jina lake la pili ni Mghoi, langu, lakini nani analiita?), na nilikuwa nimetulia vizuri kwenye nyumba yao ya Lusail mpaka alipofika bibi yake mwingine, Jarmila, mama yake Petr mkwe wangu, kutoka Ucheki. Mwanamke mrefu, nywele fupi kama za askari, na keki ya asali ambayo mtoto aliionja mara moja tu akahamia kulala chumbani kwake. Chai yangu, eti sasa ina tangawizi nyingi.

Kilichoniuma zaidi ni zile kadi. Shuleni Eliška alikuwa anachanganya maneno ya Kiingereza ya kutenda yanayokaribiana sauti, basi Jarmila akakata kadi za karatasi ngumu, kila moja neno moja, akawa anamfafanulia kwa Kicheki: lie ni kulala, kwao ni ležet, lay ni kulaza kitu, položit, rise ni kuinuka, vstát, raise ni kuinua, zvednout, fall ni kuanguka, spadnout, na fell ni kuangusha mti kwa shoka, pokácet. Kila alasiri wako mezani, vichwa vimegusana, mmoja anaonyesha kadi, mwingine anaigiza, wanacheka, na mimi niko jikoni na sukuma wiki yangu, mlango wazi, nasikia kila kitu.

“Kwani sisi hatuna lala na laza?” nikamuuliza Wakesho. “Hatuna anguka na angusha? Mbona hawakuniuliza mimi?”

“Mama, ni kazi ya shule ya Kiingereza. Usianze.”

Sasa shule ikasema kila mtoto aje na bibi au babu mmoja, mmoja tu, wacheze naye mchezo mbele ya darasa. Eliška akasema atamchukua yule anayezijua kadi. Nami, na mdomo wangu huu, nikasema, “Kadi hizo? Mimi nazijua zote.”

Shule mnajua niliishia darasa la pili, Kiingereza sisomi hata kidogo. Lakini kichwa changu mnakijua pia, mimi ndiye ninayewakumbusha majina ya watoto wote waliobatizwa siku moja na Wakesho. Jarmila alianza siku zote na kadi ile ile na kumaliza na ile ile, basi nikasikiliza kutoka jikoni, nikashika mfuatano wote kama wimbo wa kwaya, na vitendo vyake, nikawa nafanya mazoezi mbele ya friji.

Ijumaa, maana huku ndiyo siku ya ibada, tukarudi kutoka kanisani kule Abu Hamour na wageni: Atieno wa kwaya, Kiprono dereva, na Marek anayefanya kazi na Petr. Eliška akaleta kadi. “Nyanya, leo tuonyeshe.” Na kabla sijasimama vizuri, akazichanganya kama karata! “Ili usibahatishe,” akasema.

Moyo ukanishuka hadi kwenye ndara. Wakesho akaniangalia, akajua. “Mama, tunywe chai kwanza.” Ningekubali, yangeishia pale. Lakini Jarmila alikuwa ameweka mkono begani kwa mtoto, anatabasamu katabasamu kadogo, na mimi nikasema, “Lete.”

Kadi ya kwanza. “Ležet!” nikapaza, nikajilaza chali kwenye zulia na kitenge changu cha kanisani, mikono kifuani. Kiprono akavua kofia.

“Nyanya, hiyo ni kuinua,” Eliška akasema.

“Nyingine!” nikasema nikiwa bado chini. Nikainuka kwa shida. “Položit!” Nikanyakua kikombe mkononi mwa Marek, nikakilaza mezani, kwa ubavu, na chai yote ndani.

“Mama Wakesho, keti, tafadhali,” Atieno akasema, anajifunika uso na leso, mabega yanamtikisika.

Niketi vipi, na wivu umenipanda? Kadi ya tatu, nikaruka hadi neno la mwisho la mfuatano wangu, lile nililolifanyia mazoezi zaidi. “Pokácet!” Nikashika shoka la hewani, nikarudi nyuma nipate nafasi, nikashusha kwa nguvu zote za mwanamke aliyepasua kuni maisha yake yote, na mkono mpana wa kitenge ukakumba sinia la keki, keki ikaruka ikatua mapajani mwa Jarmila.

“Nyanya,” Eliška akasema polepole, “sasa hivi ndipo ulipotakiwa ulale.”

Walicheka mpaka Kiprono akatoka nje. Jarmila akasimama, asali inamtiririka hadi kwenye soksi, akasema kitu kwa Kicheki. Marek akatafsiri: “Anauliza kama umeumia.” Hapo ndipo nilipoumia. Hata kwa wema anishinde!

Kisha mtoto akanishika mkono mbele ya wote. “Nyanya, huwezi kusoma Kiingereza?”

“Siwezi, Mghoi,” nikasema. “Siwezi.”

Shuleni akaenda Jarmila, amepaka rangi ya mdomo na kila kitu. Mimi nikabaki nasugua zulia.

Lakini siku hizi, alasiri, Eliška ananikalisha mimi mezani, ananifundisha kadi moja moja, tena zimechanganywa. Jana Jarmila akaja na miwani yake akitaka kukaa nasi. Nikaweka kikapu changu kwenye kiti kilichobaki. Nimeapa sitajidai tena kujua nisichokijua, wenzangu, muwe mashahidi wangu. Kuhusu wivu sijaapa kitu.