Tumbo la Fundi Nyaya na Kitaa Chekundu

Fundi Nyaya alipostaafu kutengeneza redio za watu alianza kuunda mtambo wake mwenyewe wa kurushia sauti, na hapo ndipo meza ya kulia ya mkewe ilipotekwa. Mwezi wa tatu sasa nyumba nzima inakula sahani zikiwa magotini, meza imelala chini ya koili, transista na nyaya za kila rangi. Na mtambo wenyewe, ukiuona, ni ubao mdogo usio na kifuniko! Pumzi yake ilifika ng'ambo ya barabara tu, kwa dada yake mkubwa, basi.

Kurusha sauti na muziki aliweza. Kilichomnyima raha ni stirio. Alitaka sauti mbili, kila moja na maikrofoni yake, moja ya sikio la kushoto na moja ya kulia, zisafiri pamoja kama mapacha, zikifika zitengane. Akaunda saketi ya pili, kazi yake kupiga mluzi mwembamba usiosikika na binadamu. Redio ya dada ikiunasa mluzi huo inawasha kitaa chekundu na kuzigawa zile sauti. Kitaa kisipowaka, kazi bure.

Mkewe akachoka. "Jumamosi, saa sita mchana," alisema. "Ukikiona hicho kitaa kwa macho yako, meza yako, nami sinung'uniki tena. Usipokiona, takataka zako zinahama."

"Wewe uache kunung'unika, mama? Utaugua."

"Nimeshasema."

Sasa sikiliza ugonjwa wa mtambo ule. Fundi akiinamia meza, dada anapiga kelele dirishani kwamba kitaa kinawaka. Fundi akivuka barabara akakione, anakuta giza, na redio inakoroma kama mlevi. Akirudi mezani, kinawaka. Alivuka mara tano siku moja. Akabadilisha betri. Akaisuka koili upya. Akaitukana hali ya hewa.

Mkewe alikuwa pembeni anapiga pasi. "Ni tumbo lako," akasema.

"Nini?"

"Tumbo. Uliurekebisha mtambo huku umeuegemezea kitambi, sasa umekizoea. Likisogea karibu na koili, redio inasema. Likiondoka, inapotea."

"Umeme haujui tumbo, mke wangu. Miaka arobaini nashika redio mimi."

"Na mimi miaka arobaini naliangalia hilo tumbo."

Ng'ombe haelemewi na nunduye. Fundi akacheka, akabadilisha betri nyingine.

Jumamosi ikafika. Robo saa kabla ya saa sita, fundi akavuka barabara. Mkewe akabaki peke yake na meza.

"Wifi!" sauti ikatoka dirisha la ng'ambo. "Hamna kitu huku! Inakoroma tu!"

Basi meza imerudi. Kazi yake ilikuwa kukaa kitako na kungoja saa igonge. Hata kitambaa cha kuitandika alishakichagua. Lakini hakukaa. Akishinda hivi, mzee atasema ni betri. Atazeeka na kuzikwa akisema ni betri, na lile tumbo litabaki halina hatia! Hilo lilimchoma kuliko meza.

Akanyoosha kiganja kuelekea koili, polepole, kama anayepima moto wa kikaango.

"Kimewaka!"

Akavuta mkono.

"Kimezima!"

Akarudisha. Akavuta. Akarudisha.

"Dada, usiiguse redio!" fundi alisikika akifoka.

"Niiguse na nini? Mikono yangu hii hapa kiunoni!"

Mara mlango ukafunguka, fundi anahema. "Nimekiona! Saa sita bado! Meza yangu!" Kisha akauona mkono wa mkewe umetulia hewani kando ya koili.

"Meza yako, sikatai," mkewe akasema. "Huu mkono umeshika zamu ya nani?"

"Bibie, tuyaache."

Akautoa mkono. "Kimezima tena!" dada akalia ng'ambo.

"Rudisha, rudisha!"

"Sirudishi. Leta la kwako."

Fundi akajikokota hadi mezani. Tumbo likafika mahali pake, na dada akashangilia. Mkewe akamsogezea maikrofoni zote mbili.

"Sema. Wifi asikie."

Fundi akatazama dari. Akaigeukia maikrofoni ya kushoto. "Ni tumbo langu," akasema.

"Na ya kulia."

"Ni tumbo langu."

Dada akatoa kichwa dirishani. "Nimekusikia, mdogo wangu! Kwanza huku, halafu kule! Tumbo lako limeenea chumba kizima!"

Mchana ule mkewe alikula sahani ikiwa magotini, tena aliongeza. Hakunung'unika hata neno. Fundi alikula amesimama hapo hapo, kitambi kimeelekea koili, maana dada yake alikataa katakata kukatiziwa muziki.