Nilivyomzika bibi nisiyemjua ili nisipoteze kazi Kariakoo

Wakuu, habari za jioni. Hii sijaitunga, na mwenye kucheka acheke, nimeshazoea.

Nilitua Dar kutoka Singida nikiwa na nguvu na begi, ndugu sina. Kumbe Kariakoo kazi hazitangazwi. Bosi akihitaji mtu anawauliza vijana wake, "Huna mdogo wako huko?" Imeisha hiyo.

Niliyekuwa nashea naye geto Buguruni, anaitwa Eli, mtu wa Rombo, alikuwa anashusha marobota ya vitenge kwa Mangi mmoja, Mchaga wa kwao mwenye duka la jumla. Akanipeleka.

Mangi akanitazama. "Huyu mtoto wa nani?"

"Wa baba mdogo," Eli akajibu, macho makavu.

Nikaanza siku hiyo hiyo. Sheria ya pale ni moja: aliyekuleta ndiye dhamana yako. Ukizingua, mnatoka wote wawili.

Mambo yakaenda fresh mpaka bibi yake Eli akafariki. Mangi, mtu wa watu kwelikweli, akatuita. "Poleni wajukuu. Tutaenda wote kuzika, gari yangu ipo."

Wakuu, nilitamani niugue. Njia nzima ananipa pole, mimi nainamisha kichwa. Eli anaangalia dirishani tu, kama hanijui.

Msibani MC akaomba wajukuu wasimame. Mangi akanigusa bega. "Simama, baba."

Nikasimama. Ukoo mzima ukageuka. Nikajua hapa tunazika bibi na kazi yangu.

Shangazi yake Eli akaja, akanishika kidevu. "Jamani, huyu si mtoto wa kaka yetu aliyepotelea Tanga?"

Mama mwingine akaitikia, "Pua ni yake kabisa."

Wakanikumbatia wanalia. Na mimi nikalia, tena machozi ya kweli, maana tangu nitoke kwetu hakuna aliyewahi kunishika vile.

Sasa juzi shangazi kanipigia. Mwanaye anakuja mjini, nimtafutie kazi. Nikamuuliza kwa nini asimwambie Eli. Akasema Eli ni muongo, hamwamini.

Nikampeleka dukani.

"Huyu mtoto wa nani?" Mangi akauliza.

"Wa shangazi," nikasema. Eli alikuwa amebeba robota, nusura limwangukie.

Nilichojifunza: mjini ndugu yako ni yule anayekubali kusema wewe ni wake.

Haya, na wewe kazini uliingia kama mtoto wa nani? Shusha hapa. Mimi naomba kitu kimoja tu, baba mdogo asirudi kutoka Tanga.