Kitufe cha TUMA kiliniita jina, na aliyekitengeneza tulishamzika

Wakuu, heshima kwenu.

Najua nikitaja Sumbawanga tu kuna watu washaanza kutafuta ungo na radi za wachawi humu. Tulieni. Naandika nilichokisikia kwa masikio yangu, na masikio ndiyo macho yangu, kwa sababu sioni tangu utotoni.

Miaka ile internet cafe ndiyo zinaanza kuota mjini kwetu, kila mwenye kamtaji kafungua stationery. Mshikaji wangu Silvanus alikuwa na yake mtaani Milanzi. Ndiye aliyenifundisha kompyuta kwa screen reader, ile programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Ukifika kwenye kitufe inakutajia: "Tuma, button." Sauti yenyewe ya Kizungu, inatafuna Kiswahili kama ina ugali wa moto mdomoni.

Chama chetu cha wasioona alikitengenezea website, mimi nikiwa katibu. Alinikalisha pembeni, kila kitufe ananielezea. Na akimaliza kazi yoyote, hata kufagia, neno lake lilikuwa moja: "Haya, acha nikapumzike."

Kabla hatujajaribu ukurasa wa kutuma ujumbe, akafa. Homa ya siku chache tu, kwisha. Niliumia mno.

Matanga yalipokwisha, shemeji Neema, mjane wake, binti wa Mbeya, akafungua duka tena. Kompyuta ilikuwa imeingia virusi, fundi akaisafisha na kuweka browser nyingine ya kufungulia mtandao, ile yenye nembo ya mbweha. Zamani tulitumia ile ya e ya bluu. Website ilikuwa mtandaoni, haikuguswa.

Nikaenda asubuhi kuendelea na mambo ya chama. Earphone zilikuwa zimekufa, tukaweka spika. Nikabonyeza Tab, ile ya kuruka kitufe hadi kitufe.

"Mwanzo, button. Deo, umefika."

Deo ni mimi. Nikarudi nyuma, nikapita tena. Vilevile.

"Picha, button. Deo, hizi achana nazo, nitakusimulia."

Jamani, mwili ulinisisimka. Upepo wa kwetu mnaujua, unapenya hata chini ya mlango, ila baridi ile haikutoka nje.

"Tuma, button. Deo, nakusubiri hapa."

Shemeji akasema kwenye skrini anaona neno Tuma tu, hakuna jina la mtu. Kumbe nyuma yetu alikuwa amekaa baba mkubwa wa marehemu, mzee wa kijijini Ilemba aliyebaki kumsaidia mjane. Akasema polepole: "Marehemu humwita aliyemla."

Nikageukia sauti yake nikamwamkia, shikamoo baba. Hakuitikia.

Wakuu, kwetu maneno hayo si ya mzaha, kumla mtu ni kumuua kwa uchawi. Jioni Milanzi yote ilishajua. Watu niliozoea kusalimiana nao nikawa nasikia hatua zao zikihamia upande wa pili wa barabara. Ukoo ukapanga kikao Jumamosi, dukani palepale, mashine iseme mbele ya wote. Nilijua watu waliochomewa nyumba kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Na mimi sioni, ningekimbilia wapi? Niliogopa. Hata Silvanus mwenyewe nilianza kumuogopa.

Kilichonirudishia akili ni lile neno la picha. "Achana nazo, nitakusimulia" ndivyo alivyokuwa akinijibu kila siku nikimuuliza pichani kuna nini. Nikajiambia huyu hajatoka kaburini, huyu aliandika akiwa hai, tena mahali ambapo macho hayafiki haraka.

Jumamosi, mbele ya ukoo, nikamwomba shemeji aweke mshale wa mouse juu ya Tuma, asibonyeze, atoe mkono, asubiri. Mwenye macho huwa hangoji, akifika anabonyeza.

Nikasikia pumzi inamkata. Akasoma: "Deo, nakusubiri hapa." Kisanduku kidogo cha njano kilikuwa kimejitokeza chini ya mshale. Ndiyo wanayoita tooltip. Kwenye browser ya zamani, kwa tulivyoiseti, screen reader ilitaja jina la kitufe ikaishia hapo. Kwenye hii mpya inataja jina, halafu inaendelea na tooltip. Silvanus aliniandikia mimi, ili siku nikiwa peke yangu nisikie kama yupo pembeni. Hakujua browser ile ilikuwa inamnyamazisha.

Shemeji akaanza kulia. Mzee hakulainika. Akauliza, kama ni maandishi tu, anakusubiri ufanye nini?

Nikasema, nibonyeze.

Nikaandika "majaribio", nikabonyeza. Mtandao wa enzi zile mnaukumbuka, ukurasa unafunguka kwa kubembelezwa. Tukangoja.

Ukurasa ukafunguka, ile sauti ya Kizungu ikausoma: "Imefika, Deo. Haya, acha nikapumzike."

Kisha nikasikia makofi ya taratibu, yale tunayompigia mkubwa tukimsalimia. Alikuwa mzee wa Ilemba, anamuaga mtoto wake. Alipomaliza akanishika bega.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Nililia pale mbele za watu, wala sioni aibu.

Funzo langu kwa mnaotengeneza website: kitufe kipeni label inayojitosheleza, jambo la muhimu msilifiche kwenye tooltip, maana browser moja italisema na nyingine italimeza. Na wengine wote, kabla hamjamwita mtu mchawi, wekeni mshale hapo mngoje.

Wataalamu karibuni mnisahihishe, na wenye visa vyenu vya mashine mvimwage hapo chini, vyote nitasomewa.

Website ile ilishazimika zamani. Ila mpaka leo nikifika kwenye kitufe cha kutuma, popote pale, nangoja kidogo kabla sijabonyeza. Hata hiki cha uzi huu nimekingoja.